Mtoto kapata chuo, ada inatoka wapi? Mikopo ya serikali kwa sisi wa Uingereza wenye mguu mmoja nyumbani

Jumamosi moja mwezi wa nane nilikuwa natoka stesheni ya Rayners Lane na mifuko ya sokoni mikononi, nikasikia naitwa. Alikuwa kaka mmoja tunayefahamiana kwa salamu za barabarani na misiba, dereva wa basi, London yuko zaidi ya miaka ishirini. Mkononi ana simu, usoni hana raha. "Mdogo wangu, wewe si mhasibu? Hebu nisomee hii barua. Nimeisoma mara tatu, ama Kiingereza chao kimebadilika au mimi ndiye nimezeeka."

Kiingereza kilikuwa kilekile. Kijana wake wa kiume amezaliwa hapa London na ana pasipoti ya Uingereza. Alipofika miaka kumi na moja, baba na mama wakaamua kumpeleka Dar es Salaam, akae kwa bibi, asome bweni, apate lugha na adabu. Akasoma mpaka kidato cha sita, akafaulu vizuri, akarudi Julai. Chuo kikuu kimempokea. Sasa barua inasema mambo mawili: mkopo wa serikali hapati, na ada atalipa kama mwanafunzi wa kutoka nje, zaidi ya mara mbili ya anayolipa jirani yake waliyezaliwa hospitali moja.

"Pasipoti ile ya nini sasa?" akaniuliza.

Swali lake ndilo lililonifanya niandike makala hii. Wengi wetu tunajua bei ya kutuma pauni mia moja nyumbani kwa kila kampuni, mpaka senti. Lakini msaada wa serikali kwa mwanafunzi wa chuo, ambao kwa familia moja unaweza kufika pauni elfu hamsini, tunausikia kwa majirani na kwenye makundi ya WhatsApp. Tuupitie taratibu. Nitaanza na hapa Uingereza, kisha nitakwenda nyumbani, maana wengi wetu tunasomesha pande zote mbili.

Serikali inatoa nini hasa

Kwa anayeishi England, mlango ni mmoja: Student Finance England. Fedha zenyewe zinasimamiwa na Student Loans Company yenye makao makuu Glasgow. Mikopo ni miwili, na watu huichanganya.

Wa kwanza ni mkopo wa ada. Kwa mwaka wa masomo 2025/26, ada ya juu kabisa kwa mwanafunzi wa nyumbani ilikuwa pauni 9,535 kwa mwaka. Mkopo huu hauangalii mshahara wa mzazi. Mtoto wa daktari na mtoto wa mfagiaji wote wanapata sawa. Hela haipiti mikononi mwenu, inakwenda moja kwa moja chuoni.

Wa pili ni mkopo wa kujikimu: chakula, pango, nauli, vitabu. Huu ndio unaofanana na ile hela ambayo wanafunzi wa nyumbani wanaiita bumu. Unaingia kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe kwa mafungu matatu, moja kila muhula. Kiwango kinategemea kipato cha kaya na mahali anapokaa. Kwa 2025/26, kiwango cha juu ni pauni 8,877 kwa anayekaa kwa wazazi, pauni 10,544 kwa anayepanga nje ya London, na pauni 13,762 kwa anayepanga ndani ya London.

Ile ruzuku ya zamani, ya kujikimu bila kurudisha, ilifutwa kwa wanafunzi wapya wa England kuanzia mwaka wa masomo 2016/17. Kwa hiyo mtu akikwambia "mwanangu alipewa bure", muulize alianza mwaka gani.

Kwa mtoto aliye bado shule au college, miaka 16 hadi 19, masomo yenyewe hayalipiwi, na kuna mfuko wa bursary unaosaidia nauli, chakula na vifaa. Makundi maalumu, kama walio chini ya uangalizi wa halmashauri, wanaweza kupata hadi pauni 1,200 kwa mwaka. Wengine, shule inaamua kwa kuangalia hali ya nyumbani. Hii hairudishwi. Nenda ofisi ya wanafunzi ukaulize, usione haya. Hela ipo kwa ajili hiyo, na asiyeuliza hapewi.

Nani anastahili, na mtego uliomnasa kaka yetu

Kuna vipimo viwili, na lazima vyote vitimie. Kimoja ni karatasi zako za uhamiaji. Kingine ni mahali ulipokuwa ukiishi.

Kwa njia ya kawaida, mwanafunzi awe raia wa Uingereza au awe na ukaazi wa kudumu, ile tunayoiita ILR, ifikapo siku ya kwanza ya mwaka wa masomo. Kwa kozi zinazoanza vuli, siku hiyo huhesabiwa kuwa 1 Septemba. Halafu awe ameishi Uingereza, kama makazi yake ya kawaida, miaka 3 mfululizo kabla ya siku hiyo. Na miaka hiyo isiwe amekuja kwa sababu ya masomo ya kutwa peke yake.

Sasa unaona kaka yetu alipokwama. Pasipoti inajibu swali la kwanza, lakini swali la pili haligusi. Kijana alikuwa Dar miaka saba, akaja London kutembea mara mbili tu. Kwa macho ya sheria, makazi yake ya kawaida yalikuwa kwa bibi yake.

Likizo haivunji makazi. Mtoto anayesoma nje lakini kila likizo anarudi, chumba chake kipo, daktari wake yupo hapa, familia yote ipo hapa, ana hoja ya kusema hakuhama, alitoka kwa muda. Hapo ni suala la ushahidi: tiketi za ndege, barua za GP, barua za shule. Na ukikataliwa unaweza kukata rufaa. Lakini miaka saba na safari mbili ni hoja nyembamba.

Wengine wanasema, basi arudi akasome nyumbani kwa mkopo wa Tanzania. Hapo kuna shimo la pili. Mkopo wa Tanzania ni wa raia wa Tanzania, na Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Aliyebaki na uraia wa Uingereza baada ya miaka 18 bila kuukana, kule anahesabiwa mgeni. Kijana akajikuta huku si mkaazi, kule si raia. Wakenya wana unafuu, maana Katiba yao ya 2010 inaruhusu uraia pacha.

Sisemi usimpeleke mtoto nyumbani. Lugha na heshima alivyovipata kijana yule havinunuliki. Ninachosema ni uhesabu miaka. Ukitaka asome chuo hapa akiwa na miaka 18, arudi kuishi kabla ya kutimiza 15, siyo wiki mbili baada ya matokeo ya kidato cha sita.

Milango mingine ipo mitatu inayowagusa watu wetu.

Mkimbizi aliyekubaliwa rasmi hasubiri miaka mitatu. Akiwa ameishi hapa tangu alipopewa hadhi hiyo, anaweza kuomba. Hii inawahusu ndugu zetu wengi kutoka Kongo, Burundi na Somalia.

Mtoto aliyekulia hapa bila ILR naye ana njia. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Beaurish Tigere, binti aliyezaliwa Zambia na kuletwa hapa akiwa mdogo, aliyenyimwa mkopo kwa sababu hakuwa na ukaazi wa kudumu. Alishinda. Baada ya hapo serikali ikaweka kanuni ya ukaazi wa muda mrefu: aliye chini ya miaka 18 awe ameishi hapa angalau miaka 7, na aliyetimiza 18 awe ameishi hapa nusu ya umri wake au miaka 20. Miaka mitatu ya mwisho lazima iwe ya kihalali, na visa ikae hai muda wote. Kwa hiyo usiache visa ya mtoto ikaisha hata siku moja kwa kuwa uko bize na shifti.

Wa tatu ni watoto wa wenye visa za kazi, wakiwemo wanaotunza wazee. Hawa, kabla ya ILR, kwa kawaida hawapati mkopo na hutozwa ada ya kigeni. Kama mwanao anamaliza A-level mwaka mmoja kabla ninyi hamjatimiza muda wa kuomba ukaazi, kaeni chini mpige hesabu. Mwaka mmoja wa kusubiri na kufanya kazi unaweza kuwa nafuu kuliko miaka mitatu ya ada ya kigeni. Hili ni jambo la kuzungumza akiwa darasa la GCSE, wakati bado kuna nafasi ya kupanga.

Kumbuka pia kwamba chuo ndicho kinachoamua kama ada yako ni ya nyumbani au ya kigeni, na Student Finance ndiyo inayoamua mkopo. Ni ofisi mbili. Jibu la mmoja si jibu la mwingine, kwa hiyo uliza kote na upate jibu kwa maandishi.

Kipato cha kaya: pesa ya nyumbani haikatwi

Hapa ndipo wazazi wetu wengi wanaposhangaa. Kaya ikiwa na kipato cha pauni 25,000 au chini, mwanafunzi anapata mkopo wa kujikimu wote. Kikipanda, mkopo unashuka, mpaka kiwango cha chini. Kwa 2025/26, anayekaa nyumbani alibaki na kiwango cha chini, pauni 3,907, kipato kikifika takriban pauni 58,000.

Kipato kinachoangaliwa ni cha mwaka wa kodi wa nyuma. Kwa 2025/26 wanaangalia mwaka wa 2023/24. Kwa atakayeanza 2026, wataangalia 2024/25. Kama tangu wakati huo kipato kimeshuka kwa asilimia 15 au zaidi, kwa mfano mama kaacha kazi au shifti zimepungua, unaweza kuomba waangalie kipato cha mwaka wa sasa. Wengi hawajui, wanaacha hela mezani.

Kama mzazi ana mwenzi anayeishi naye, kipato cha mwenzi kinahesabiwa, hata kama si mzazi wa damu. Michango ya pensheni inapunguzwa. Kila mtoto mwingine anayewategemea anapunguza pauni 1,130.

Lakini pesa unayotuma nyumbani haipunguzwi hata senti. Bibi anaishi kwa hela yako Tanga, dada yako anasomeshwa nayo, dawa za presha za mzee zinanunuliwa nayo, na fomu haina sehemu ya kuandika hayo.

Tuweke mfano. Familia iko Rayners Lane, baba anapata pauni 24,000, mama anafanya kazi nusu siku anapata 17,000. Jumla 41,000. Wana watoto wengine wawili, toa 2,260, inabaki 38,740. Binti yao anakaa nyumbani na anasoma Brunel, Uxbridge. Mkopo wake wa kujikimu utakuwa kama pauni 6,800. Pengo mpaka kiwango cha juu ni kama pauni 2,000, na serikali inadhani wazazi wataliziba. Wakati huohuo familia inatuma pauni 250 kila mwezi nyumbani, yaani 3,000 kwa mwaka. Pengo hilo halionekani kwenye karatasi yoyote, lakini mtalisikia mwezi wa kumi.

Ushauri wangu hapo ni wa kawaida kabisa. Kukaa nyumbani kunapunguza mkopo, lakini kunapunguza matumizi zaidi. Sisi wa Rayners Lane tuna bahati: treni ya Uxbridge inapita mlangoni, na kampasi ya Harrow ya Chuo Kikuu cha Westminster iko Northwick Park, vituo vichache tu. Mwanafunzi achukue kadi ya Oyster ya wanafunzi wa miaka 18 na zaidi, inampa punguzo la asilimia 30 kwenye tiketi za wiki na za mwezi. Halafu aulize chuo kuhusu bursary zao. Vyuo vingi vinatoa kwa familia zenye kipato kidogo, na vingi hutumia taarifa zilezile za Student Finance, mradi mzazi alikubali kwenye fomu taarifa zishirikishwe. Kisanduku kimoja tu cha kuweka alama, watu wanakiruka.

Deni linalipwaje

Nakumbuka dada mmoja, mtunza wazee, alinijia amekata shauri: hataki binti yake aanze maisha na deni. Atachukua mkopo benki alipe ada mwenyewe. Nikamwambia, dada, tupige hesabu kwanza. Ada ya mwaka mmoja, pauni 9,535, ukiigawa kwa miezi 36 bila riba yoyote ni karibu pauni 265 kwa mwezi. Na hiyo ni ya mwaka wa kwanza tu. Yeye alikuwa anatuma 250 kwa mama yake. Maana yake mama anakatiwa.

Mkopo wa benki unakudai hata ukiwa mgonjwa. Mkopo wa serikali hauendi hivyo. Kwa walioanza kuanzia 1 Agosti 2023, mpango wao unaitwa Plan 5. Kanuni zake ni hizi:

Anayelipa ni mwanafunzi, siyo mzazi. Wewe hudaiwi hata kidogo.

Halipi chochote mpaka kipato chake kizidi pauni 25,000 kwa mwaka. Kikizidi, anakatwa asilimia 9 ya kile kilichozidi tu. Mshahara wa pauni 30,000: ziada ni 5,000, asilimia 9 yake ni 450 kwa mwaka, sawa na pauni 37.50 kwa mwezi. Inakatwa kwenye mshahara pamoja na kodi. Makato ya kwanza ya Plan 5 yalipangwa kuanza Aprili 2026.

Akipoteza kazi au kipato kikishuka chini ya kiwango, makato yanasimama yenyewe.

Riba inafuata mfumuko wa bei tu, kipimo kinachoitwa RPI. Kuanzia Septemba 2025 iliwekwa kuwa asilimia 3.2.

Deni likibaki baada ya miaka 40, linafutwa.

Nisikufiche upande wa pili. Kwa binti wa mfano wetu, miaka mitatu ya ada ni 28,605, na kujikimu ni kama 20,400. Jumla kama pauni 49,000. Miaka 40 ni karibu maisha yote ya kazi. Mwenye mshahara wa kawaida atakatwa miaka mingi, kama kodi ndogo ya ziada. Kwa hiyo kozi ichaguliwe kwa akili. Lakini kati ya deni linalongoja mtoto apate kazi nzuri na deni linalomkata bibi dawa zake mwezi huu, mimi najua ni lipi lililo jepesi. Dada yule naye akaelewa.

Na mtoto akihitimu akarudi nyumbani kufanya kazi? Deni linamfuata. Akikaa nje ya Uingereza zaidi ya miezi 3 anatakiwa kutoa taarifa, na kiwango cha kuanza kulipa kinapangwa kulingana na nchi anayoishi. Asijifiche, ataongezewa mzigo bure.

Kwa wanaoogopa riba

Wasomaji wengi ni Waislamu, na swali hili linakuja kila mwaka. Serikali ilitafuta maoni kuhusu mfumo usio na riba mwaka 2014, na sheria ya elimu ya juu ya 2017 ikaipa uwezo wa kuuanzisha. Mpaka naandika, mfumo wenyewe haujafunguliwa. Hukumu ya dini siwezi kuitoa mimi, nenda kwa sheikh unayemwamini, ukiwa na namba hizi mkononi ili akujibu kwa kujua.

Ninachoweza ni kukuonyesha njia za hesabu. Moja, chuo huruhusu kulipa ada kwa awamu, ukiomba mapema. Mbili, si lazima kuchukua mikopo yote miwili. Unaweza kuchukua wa ada tu, au kiasi pungufu. Tatu, kuna shahada za uanagenzi: kijana anaajiriwa, anapata mshahara, anasoma, na ada inalipwa na mwajiri na serikali. Hakuna mkopo kabisa. Nafasi zake ni chache na ushindani mkali, na masharti ya ukaazi nako yapo, lakini mtoto wa A-level aanze kuzitafuta mwaka mmoja kabla.

Wewe mwenyewe unayetaka kurudi shule

Wabeba boksi wenzangu, mkopo huu si wa watoto tu. Mkopo wa ada hauna ukomo wa umri, na wa kujikimu unaweza kuombwa na aliye chini ya miaka 60 anapoanza. Kuna kikwazo kimoja: kama tayari una shahada, hata kama ni ya Dar es Salaam, Nairobi au Makerere, na hata kama ulijilipia mwenyewe, kwa kawaida hupati mkopo wa shahada nyingine. Usiifiche kwenye fomu.

Lakini kozi za afya kama uuguzi zina nafuu kwenye kanuni hiyo. Tena wanaosoma uuguzi, ukunga na baadhi ya fani za afya England wanapata pauni 5,000 kila mwaka kutoka mfuko wa NHS, bila kurudisha, na wenye watoto wadogo wanaweza kuongezewa 2,000. Kwa dada anayefanya kazi ya kutunza wazee na ana ILR, hii ni njia ya kutoka shifti za usiku kwenda taaluma.

Upande wa nyumbani

Sasa mpwa wako amepata chuo Tanzania. Kabla hujafungua programu ya kutuma pesa, muulize swali moja: umeomba mkopo wa Bodi?

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Maombi ni kwa mtandao, kila mwaka dirisha hufunguliwa kwa muda maalumu na likifungwa limefungwa. Mwombaji awe Mtanzania, awe amepata udahili, awe hajazidi miaka 35. Uhitaji hupimwa: yatima, wenye ulemavu na kaya masikini za TASAF wanatangulia. Majina hutoka kwa awamu, na asiyeridhika ana dirisha la rufaa. Hela ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita wana Samia Scholarship, ambayo si mkopo. Zanzibar ina bodi yake yenyewe ya mikopo ya elimu ya juu. Kenya wana HELB tangu 1995.

Kwako wewe mtumaji, mpango mzuri ni huu: acha Bodi ibebe inachoweza, wewe ziba pengo. Mwezi wa kwanza wa chuo ndio mgumu, maana bumu mara nyingi huja baada ya chuo kufunguliwa. Weka akiba ya mwezi huo mapema kuliko kuahidi ada ya miaka mitatu usiyo na uhakika nayo. Na ukiahidi sehemu, taja kiasi. "Nitasaidia" imevunja undugu mwingi.

Na sisi tuliosoma kwa mkopo huo? Mimi ni mmoja wao. Nilimaliza shahada ya biashara kwa hela ya Bodi, nikaja huku, nikajisahau miaka kadhaa. Kosa langu. Aliyeajiriwa nyumbani anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa mshahara wa shilingi 800,000 ni 120,000 kwa mwezi. Aliye nje anapaswa kulipa mwenyewe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Habari njema ni kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, iliyokuwa ikivimbisha madeni, iliondolewa mwaka 2021, na adhabu ya asilimia 10 nayo ikaondolewa. Omba taarifa ya deni lako, lipa kidogo kidogo pauni inapokuwa na nguvu. Hela hiyo ndiyo anayokopeshwa mpwa wako leo.

Tarehe na karatasi

Maombi ya Uingereza hufunguliwa majira ya kuchipua, kwenye tovuti ya GOV.UK. Wanafunzi wapya wakimaliza kabla ya katikati ya Mei, hela huwa tayari masomo yakianza. Ukichelewa bado unaweza kuomba hadi miezi 9 tangu mwaka wa masomo uanze, lakini fungu la kwanza litachelewa. Usisubiri matokeo ya A-level, omba kwa chuo unachokitarajia, utabadilisha baadaye. Andaa pasipoti au uthibitisho wa visa, namba za National Insurance za wazazi wote, na P60 za mwaka unaotakiwa.

Kuomba ni bure. Anayekudai pauni hamsini "akujazie fomu" anauza kitu cha bure, na anayekuomba nywila ni mwizi. Namba ulizoandika ni jukumu lako, zikiwa za uongo jina linalochafuka ni la mwanao.

Kaka yetu na kijana wake tulikaa nao jioni mbili. Rufaa tuliitazama, ushahidi haukutosha. Kijana sasa anafanya kazi ghalani karibu na Heathrow, anaishi kwao, anatunza karatasi zake zote kwenye faili moja. Hesabu yake ni 1 Septemba 2028. Atakuwa na miaka 21, na akiba kidogo. Juzi baba yake kaniambia ana binti wa miaka kumi na tatu, yuko kwa bibi huyohuyo. Amekwisha kata tiketi, mwezi wa saba anarudi. Bibi kalia kwenye simu, lakini kaelewa.